Kutoka Matofali Hadi Uji: Historia Fupi ya Sisi na Shule Yetu



Kamati ya maandalizi ya kijitabu hiki ilipogawa kazi za kuandika, wenzetu wengine walipewa hisa, wengine mikopo, wengine mfuko wa misiba. Sisi tuliobaki tukapewa shule. Wapo waliouliza, kikundi cha kuweka na kukopa kina habari gani na shule ya Serikali? Jibu letu ni kwamba katika miaka kumi hii hakuna jambo lililotugombanisha kama shule, na kwa upande mwingine hakuna lililotufundisha kutunza daftari kama hilo hilo. Kwa hiyo tumekubali kuandika. Tunaomba tu ruhusa ya kuanzia mbali kidogo, maana jambo lenyewe halikuanza na sisi.

Wale wenye umri mkubwa kikundini wanaanzia kwenye matofali. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe na nafasi darasani. Likaitwa Azimio la Musoma, na elimu yenyewe tukaijua kwa herufi tatu, UPE, ambazo bibi zetu walizitamka vizuri kabisa bila kujua kirefu chake. Wakati huo Babati ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Arusha. Wilaya yetu ilizaliwa mwaka 1985, na Mkoa wa Manyara mwaka 2002. Tena ilikuwa ni miaka ile ile ya kuhamia vijijini. Familia iliyokuwa haijamaliza kusimamisha nyumba yake mpya iliambiwa isimamishe na darasa.

Serikali haikuwa na fedha za kujenga madarasa nchi nzima kwa miaka mitatu, na haikuficha. Kazi ikaangukia wananchi. Wanaume walifyatua matofali na kukata miti, akina mama na watoto wakasomba maji, mchanga na nyasi za kuezekea. Mmoja wetu, ambaye leo ni bibi wa wajukuu tisa, anasema tofali lake la kwanza alilibeba kichwani akiwa darasa la pili, lakini darasa lile hakulisomea hata siku moja, kwani lilipoezekwa yeye alikuwa amekwisha maliza la saba. Anasema hivyo huku akicheka. Walimu nao hawakutosha, ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba wafundwe kazi wakiwa kazini. Watu wamewacheka sana hao walimu wa UPE. Sisi tuliofundishwa nao tunasoma na kuandika, na hesabu za kikundi hiki ni mkono wetu.

Ila kuna jambo moja tulilolizungumza sana tulipokuwa tukiandaa makala hii. Enzi zile mwananchi aliombwa nguvu zake, hakuombwa maoni yake. Ulibeba tofali, ukalitua, ukaenda nyumbani. Matofali mangapi yalipatikana, mangapi yaliingia ukutani na mangapi yaliishia kwenye nyumba ya mtu, hilo hukusomewa. Na usingethubutu kuuliza, hasa kama wewe ni mwanamke.

Miaka ya themanini na tisini tutaipita haraka, kwa sababu kuikumbuka kunachosha. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hali ya uchumi ilikuwa ngumu, na baadaye likaja neno "kuchangia gharama". Ukawapo mchango wa dawati, mchango wa mlinzi, wa mtihani, hata wa chaki. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango, na akirudi nyumbani ni nani anayemkuta mlangoni? Ni mama. Baba alipata habari jioni, kama alipata. Wengi wetu tulijifunza kukopa kwa jirani si kwa sababu ya biashara bali kwa sababu ya barua ya shule, na tukiulizwa upatu wetu wa kwanza ulitokana na nini, jibu ndilo hilo.

Mwaka 2002 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ada ya shule ya msingi ilifutwa. Watoto walifurika. Nchi nzima wanafunzi wa shule za msingi walitoka milioni nne na ushee mwaka 2000 wakafika zaidi ya milioni saba mwaka 2005. MMEM ilikuja pia na jambo ambalo halikuimbwa sana: kamati ya shule ilipewa madaraka juu ya fedha, na fedha hizo zilitakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo ili mzazi azione. Kubandikwa ni jambo moja, kusomwa ni jambo jingine, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Baadaye zikafuata sekondari za kata, na kila mtu hapa mjini anajua utaratibu wake: wananchi wapandishe boma hadi usawa wa lenta, halafu Halmashauri imalizie. Maboma mengine yalingoja bati mpaka miti ikaota ndani.

Tusije tukajiona kwamba haya ni ya Bagara peke yake. Wenzetu wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha ushirika wa kahawa, KNCU, tangu mwaka 1933, na kahawa imesomesha watoto wengi wa mkoa ule. Kenya baada ya uhuru wa 1963 walijenga shule za harambee, nyingine zikaanza na walimu wachache na paa la nyasi. Na huko huko Kenya, katika miaka ya sitini na sabini, akina mama wa Mkoa wa Kati walikuwa na vikundi vilivyoitwa vya mabati: wanachanga kidogo kidogo, wanamwezekea mwenzao mmoja nyumba yake, kisha wanakwenda kwa mwingine. Tulipoambiwa habari hizo katika semina moja tulitazamana. Kumbe ni sisi kabisa! Tofauti ni kwamba wao walianza na nyumba zao, na nguvu ile ile inaweza kugeuzwa ikaelekea shuleni ikiwa wahusika wanaaminiana.

Kuaminiana huko ndiko kulikotushinda mwanzoni.

Kikundi chetu kilianza mwishoni mwa mwaka 2015, sebuleni kwa mwenzetu, na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Kwa bahati, miezi ile ile ulitoka Waraka wa Elimu Namba 5 wa Novemba 2015, na kuanzia Januari 2016 elimu ikawa bila malipo kuanzia awali hadi kidato cha nne. Tulishangilia kweli kweli. Darasa la kwanza mwaka ule lilijaa mpaka watoto wakakaa sakafuni, ndipo ikaja ile kampeni ya madawati nchi nzima. Bunge lilitoa shilingi bilioni 6 lililozibana kwenye matumizi yake, mabenki yakatoa, wafanyabiashara wakatoa. Nasi hatukutaka kubaki nyuma. Tukanunua mbao, fundi seremala wa hapa mtaani akatupunguzia ufundi, tukapeleka madawati yetu. Tena tukamwambia fundi aandike jina la kikundi kwa rangi nyekundu nyuma ya kila dawati, kama tulivyoona mabenki wanavyofanya. Ndani ya mwaka mmoja watoto walikuwa wamekwangua herufi, jina likasomeka vingine. Hatutaliandika hapa.

Dawati ni zawadi rahisi. Unatoa, unapigwa picha, unaondoka. Uji si hivyo. Uji ni kila siku.

Hapa inabidi tuweke hesabu mezani, kwa sababu wapo wapenzi wetu wanaosema Serikali inatoa kila kitu. Tangu 2016 ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zilizoteremka shuleni. Chukua shule ya watoto 500: ni shilingi milioni 3 kwa mwaka, sawa na 250,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, mitihani, ukarabati, michezo na shughuli za ofisi. Chakula hakimo. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulieleza wazi kwamba sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa ni wajibu wa mzazi. Na mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili bila kitu tumboni, ikifika saa nne hasikii mwalimu anasema nini. Hili halihitaji mtaalamu.

Sasa uji wenyewe unataka nini? Tulikaa na mwenzetu anayepika mgahawani akatupigia hesabu. Kikombe kimoja kinahitaji unga kama gramu 50. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Kwa mtoto mmoja ni kilo kumi hivi, yaani nusu debe ya mahindi na kidogo juu yake, kwa mwaka mzima! Tulipoiona hesabu ile tulinyamaza. Nusu debe ni kitu gani kwa watu wa Babati, wanaolima mahindi? Tukaenda kwa kamati ya shule, tukaitishwa kikao cha wazazi, wakakubali. Mapema mwaka 2017 sufuria ikapanda jikoni. Kikundi kilitoa sukari na kuni kutoka mfuko wa jamii, wazazi wakaleta nusu debe, na sisi tukajitolea kutunza orodha.

Orodha ile ndiyo iliyotuumbua.

Tuliitunza kama tunavyotunza hisa. Aliyeleta alitiwa alama, asiyeleta hakutiwa. Na kwa kuwa hatukutaka wavivu wabebwe na wenzao, tukakubaliana na jikoni kwamba mtoto asiye na alama asipewe kikombe mpaka mzazi wake alete. Wakati ule ilionekana ni haki. Faini kikundini si ni hivyo hivyo?

Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Wanaoishi mbali na Babati labda hawajui maana yake. Mbaazi hapa ndiyo fedha ya mkononi, mtu anauza mbaazi ili mahindi abaki nayo ya kula. Bei ilianguka vibaya, wanunuzi wakatoweka, watu wakarudi na magunia yao nyumbani. Ikabidi yauzwe mahindi ili yapatikane mengine yote. Mwezi wa kumi mwenzetu mmoja alipita shuleni saa nne akitoka sokoni, akakuta watoto wamepanga foleni ya uji, na wengine kama ishirini wamekaa chini ya mti wametazama upande mwingine. Mmoja wao alikuwa mtoto wa mwanachama wetu. Mama yake alikuwa amelipa hisa zake zote za mwezi ule bila kukosa, ndiyo sababu hatukujua kwamba nyumbani hakuna kitu. Alikuwa ameona aibu ya kikundi kuliko njaa ya mtoto. Na orodha iliyomweka mwanawe chini ya mti, mwandiko ulikuwa wa mmoja wetu tunaoandika makala hii.

Kikao cha Jumamosi ile kilikwisha usiku. Yule mama hakusema mengi. Alisimama akasema, "Jamani dada zangu, mimi sidai uji. Nauliza tu, deni ni langu au ni la mtoto?" Wako waliolia, wako waliokasirika wakasema tukianza kulegeza hakuna atakayeleta. Wanachama wanne walitaka kuchukua hisa zao waondoke, na wawili waliondoka kweli. Mwisho tuliandika kwenye daftari sentensi moja ambayo bado ipo: kila mtoto aliye shuleni siku hiyo atakunywa, na anayedaiwa ataulizwa na watu wazima, nyumbani kwake, jioni.

Kabla hatujazoea utaratibu huo mpya, Januari 2018 likatoka agizo la Rais la kupiga marufuku michango shuleni. Mwalimu asishike fedha ya mchango, na anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mwalimu Mkuu alituita. "Mama zangu," akasema, "mimi nina watoto wa kusomesha. Hilo jiko nalifunga leo." Hatukumlaumu. Lakini jiko lilikaa baridi wiki sita, na magunia yakabaki ghalani.

Tunakiri kwamba tulilichukia agizo lile kwa siku chache tu, kisha tukaona ndani yake kuna swali letu wenyewe. Wazazi walikuwa wamechoka kutoa bila kujua vinakwenda wapi. Sisi tulikuwa na dawa ya ugonjwa huo sebuleni mwetu tangu 2015, tena tulikuwa tunaikalia: sanduku la kufuli tatu. Sanduku letu halifunguki mpaka wenye funguo watatu wawepo, na kila kikao daftari linasomwa kwa sauti, hata kwa asiyejua kusoma. Tukapeleka wazo hilo kwa Mtendaji wa Mtaa na kwa Afisa Elimu Kata, tukaandika barua kwa Mkurugenzi, tukaambatisha muhtasari wa kikao cha wazazi unaoonyesha kwamba ni hiari. Ghala la shule likawekewa kufuli tatu. Funguo moja iko kwa mjumbe wa kamati ya shule, moja kwa mzazi aliyechaguliwa na wazazi, moja kwa kikundi. Walimu hawana funguo wala hawashiki fedha, nao wametushukuru kwa hilo kuliko kwa madawati. Kila mwisho wa mwezi daftari la ghala linasomwa kwa sauti mbele ya yeyote aliyekuja.

Sasa tuseme habari za wafanyabiashara, kwani wengi wao watasoma kijitabu hiki. Tumepokea misaada ya namna nyingi. Yupo aliyekuja na mpiga picha na katoni za madaftari, hatujamwona tena, na tunamshukuru. Lakini aliyedumu na sisi ni mwenye mashine ya kusaga. Tulipokwenda kumwomba mara ya kwanza alitukatalia, akasema umeme ananunua, msaada wa kila wiki utamfilisi. Tukarudi tukazungumza kibiashara. Tukamwambia: saga mahindi ya shule bure, Ijumaa asubuhi kabla wateja hawajajaa, na wanachama wote wa kikundi hiki na majirani tutakaowashawishi watasaga kwako. Akakubali kwa majaribio ya mwezi mmoja. Ni miaka saba sasa. Gunia likiingia linapimwa, unga ukitoka unapimwa, na karatasi yake inaingia kwenye daftari la ghala. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye alikuja hivyo hivyo. Hatoi bure, anauza bati na saruji za shule kwa bei ya kununulia, na jina lake linasomwa siku ya daftari pamoja na risiti. Anasema kusomwa huko kumemletea wateja kuliko bango la barabara ya Singida.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kuanzia tarehe 17 Machi kwa ajili ya korona, ghala lilikuwa na magunia sita na dumuzi walikuwa wameanza. Wenye funguo waliitana, wakakaa mbalimbali uwanjani kama ilivyoagizwa, wakaamua yauzwe na fedha iwekwe. Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni fedha ilikuwepo yote, ikanunua mahindi mapya na mifuko ya kinga njaa ya kuyahifadhia. Lingekuwa tukio dogo tu, ila wazazi ambao walikuwa hawajawahi kuleta hata kisado walianza kuleta baada ya kuusikia ukurasa ule ukisomwa.

Si wote wanaoleta hata leo. Mwaka wa mvua mbaya tunafika nusu, na mfuko wa jamii hauwezi kuziba nusu nyingine, kwa hiyo uji unakuwa siku tatu badala ya tano. Yule mama wa mbaazi sasa ndiye mshika funguo wetu. Wale wawili walioondoka, mmoja amerudi.

Kilichopo mezani wakati tunaandika ni kuni. Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu wengi ziachane na kuni na mkaa, na jiko letu ni la mafiga, moshi wake unajulikana mpaka barabarani. Muuza gesi wa hapa mjini ameleta bei ya jiko na mitungi, na bei hiyo imewatisha wengi. Wapo wanaosema tuombe mkopo wa asilimia 10 wa Halmashauri, wengine wanasema mkopo ule ni wa biashara, na uji haurudishi mkopo. Mwenye mashine amesema atachangia mtungi mmoja kama muuza gesi atakubali kujaza kwa bei ya kununulia kwa mwaka wa kwanza. Muuza gesi ameomba kwanza alione daftari. Tumemwalika aje siku ya kusoma.